Matundu ya Safu ya Mwisho

Jumatatu, 6 Mei

Lifti bado mbovu. Ngazi sitini na nane hadi ofisini. Nimezihesabu kwa sababu ukipanda huku unahema hakuna kingine cha kufanya. Miguu imevimba tangu saa tatu asubuhi. Nimebakiza miaka miwili nistaafu, na kuna siku naona ni miaka miwili ya ngazi tu.

Watahiniwa sita leo. Wote wanataka kuwa marubani, na wote wameambiwa na mtu fulani kwamba mwanasaikolojia wa chuo anatafuta wazimu. Basi wanakaa wima kama wanaopigwa picha ya pasipoti, wanatabasamu mpaka taya zinawauma. Mimi sitafuti wazimu! Natafuta mtu anayeweza kusikiliza redio, kusoma mishale minne kwa mpigo na kukumbuka alichoambiwa dakika mbili zilizopita, bila kujiona shujaa. Lakini nani atanisikiliza?

Wa mwisho nilimkumbuka mara moja. Ni binti wa miaka ishirini na saba, fundi wa injini kwenye karakana ya ndege upande wa pili wa uwanja. Alikuja miaka mitatu iliyopita tukamwangusha kwa alama moja. Sitini na tisa, na kupita ni sabini. Sasa amerudi. Taratibu zetu zinaruhusu mara mbili tu. Ukianguka ya pili, mlango umefungwa maisha. Nitamwita Fundi humu, maana majina ya watahiniwa hayatoki ofisini, hata kuja kwenye daftari langu mwenyewe.

Usaili wake: anajibu vizuri, ila polepole. Nimeandika kwenye fomu, "hatulii kitini". Alipoinuka akainama akakitazama kiti chini, kama mtu aliyeangusha kitu. Nikaongeza: "ana mazoea ya kuhakikisha kupita kiasi".

Mbayuwayu kanitumia ujumbe wakati naosha vyombo. "Nimetua, mama mdogo." Huyu ni mtoto wa dada yangu, rubani mwaka wa pili sasa, alifanya mtihani na kundi lile lile la Fundi miaka mitatu iliyopita. Jina la Mbayuwayu kapewa na bibi yake kwa sababu hakuwa anatulia chini. Kila akitua ananiambia, mvua au jua. Nami humjibu neno lile lile: "Haya, baba." Nikikosa ujumbe wake usingizi hauji.

Jumanne, 7 Mei

Kompyuta imetoa matokeo. Fundi: umakini juu, juu sana. Kumbukumbu juu. Kasi ya kuamua — chini ya mstari. Maana yake ameanguka, na safari hii ni moja kwa moja.

Nilimwita tena, kwa kuwa kanuni inataka tumsikilize mtu kabla ya kufunga faili lake. Alikuja na ovaroli, mikono inanuka grisi. Nikamuuliza mbona anachelewa hivyo kubonyeza jibu, na jibu lenyewe analijua. Akanitazama kwa mshangao, kama vile mimi ndiye niliyepaswa kumweleza.

"Mama, si nyinyi mliniambia sina umakini?" akasema. "Barua yenu ninayo mpaka leo. Basi nikajifunza. Kila nati naikagua mara tatu. Karakana nzima wananicheka, wananiita Mara Tatu. Lakini sijawahi kuacha nati imelegea. Hata moja."

Nikamwambia tutamjulisha. Sentensi hiyo nimeisema mara ngapi tangu nianze kazi hii! Siku moja nitaisema usingizini.

Kanuni nyingine: mtahiniwa wa mara ya pili, linganisha na karatasi yake ya kwanza. Ya kwanza ilikuwa ya penseli, kabla hatujaletewa kompyuta. Iko stoo. Kuna kitu hakijakaa sawa. Umakini hauoti kama nywele. Mtu hawezi kuwa hana kabisa miaka mitatu iliyopita, leo anao kuliko darasa zima.

Jumatano, 8 Mei

Stoo. Vumbi. Maboksi ya mwaka ule yako chini ya maboksi ya miaka mingine yote, bila shaka. Nimepiga chafya mpaka mbavu zinauma. Sikulipata faili. Miguu ndani ya beseni la maji ya chumvi, basi.

Dada kapiga simu. Jumapili nisikose, Mbayuwayu anamleta mchumba.

Alhamisi, 9 Mei

Nimelipata. Natamani nisingelipata.

Niandike kwa mpangilio, labda moyo utatulia. Jaribio la umakini la zamani lilikuwa maswali mia moja, safu tano za ishirini ishirini. Kila swali na mstari wake wenye maduara manne, unajaza moja kwa penseli. Kusahihisha ni kazi ya mikono: unalaza juu ya karatasi kipande cha plastiki chenye matundu mahali pa majibu sahihi. Duara jeusi likionekana tunduni, alama moja. Ofisini tunakiita chujio.

Safu nne za kwanza Fundi alipata sitini na sita kati ya themanini. Vizuri kabisa. Safu ya mwisho, tatu kati ya ishirini. Tatu! Hakuna mtu anayechoka namna hiyo, kama taa iliyozimwa. Nikachukua orodha ya majibu, nikasahihisha safu hiyo kwa macho yangu, swali kwa swali. Kumi na nane. Nikarudia. Kumi na nane. Jumla yake ni themanini na nne. Si sitini na tisa.

Chujio lenyewe lilikuwa humo humo kwenye boksi. Nikalinyanyua kwenye mwanga wa dirisha. Safu ya mwisho inaanzia mstari wa pili. Jibu la themanini na moja limetobolewa kwenye themanini na mbili, la themanini na mbili kwenye themanini na tatu, vivyo hivyo mpaka chini, na tundu la mia halipo kabisa maana plastiki imeisha. Nikahesabu matundu. Kumi na tisa.

Na nani aliyatoboa? Mimi. La zamani lilipasuka katikati, Ijumaa alasiri, na watahiniwa wapya wanaanza Jumatatu. Nikakaa na kitoboleo, orodha ya majibu kushoto, kikombe cha chai kulia. Nakumbuka niliinuka kabla ya safu ya mwisho kwenda kuongeza chai. Niliporudi nilianza mstari wa chini. Ndivyo ilivyokuwa, hakuna zaidi. Kikombe cha chai!

Karatasi arobaini na moja zilipita chini ya chujio hilo. Kila moja ilisahihishwa na watu wawili, kila mmoja peke yake bila kuona alama za mwenzake, kama kanuni inavyodai. Tulikubaliana asilimia mia. Nilijivuna, nikaiweka hata kwenye ripoti ya mwaka. Kwa nini tusikubaliane? Watu wawili, chujio moja.

Mwongozo wa Baraza la taaluma yetu uko hapa mezani, jalada la buluu. Sura ya nne, ile ya usahihishaji, niliiandika mimi. Nimekuwa nikiweka kikombe juu yake.

Ijumaa, 10 Mei

Nimemwambia Miwani. Ni mwanasaikolojia mwenzangu, mwaka wa sita tunafanya kazi pamoja, mtu wa kanuni mpaka anakera. Ndiye aliyekuwa msahihishaji wa pili. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena.

"Mama, tuandike leo," akasema.

"Tuandike nini?"

"Kwa Baraza. Zote arobaini na moja. Zisahihishwe upya."

Tukashuka kwa Kapteni, mkuu wa chuo, rubani mstaafu ambaye hajawahi kukubali kwamba yuko ardhini. Alitusikiliza mpaka mwisho. Hakupandisha sauti, na afadhali angepandisha.

"Dokta, kati ya hao wangapi walipita?"

"Ishirini na wawili."

"Wako wapi?"

"Wanarusha ndege."

"Kuna aliyeangusha ndege?"

Hakuna. Basi nataka nini, akauliza. Nataka awashushe watu ishirini na wawili kwa sababu ya kitoboleo? Kisha akanisogelea na ile sauti yake ya kutuliza abiria. Huyo binti wa karakana, mwongezee kidogo kwenye usaili, kasi yake isawazishwe, apite. Amepata haki yake. Sote tunalala usingizi.

Miwani akakohoa. Naandika hapa kwa sababu hakuna atakayesoma: wazo lilinipendeza. Lilinikaa vizuri kama kiatu cha zamani. Fundi anapita, barua haiandikwi, miguu yangu inapumzika. Kwa muda wa kuhesabu kumi nilikuwa nimeshakubali.

Lakini kasi yake kweli iko chini. Injini ikizimika angani hakuna kukagua mara tatu. Tumemharibu sisi, na wa kumtengeneza ni sisi: ile mara ya kwanza ifutwe, apewe muda aache kutuamini, kisha aje upya. Mara ya kwanza haiwezi kufutwa peke yake, kimyakimya. Ikifutwa yake, zinafutwa zote. Kumpa alama ya uongo leo ili kufunika alama ya uongo ya jana, hiyo sasa ni kazi gani?

Sikumwambia Kapteni hayo. Nilimwambia nitafikiri. Jibu la mwoga. Miwani hakunisemesha tukipanda ngazi, zote sitini na nane.

Jumapili, 12 Mei

Naandika haraka, mwandiko mbaya.

Kwa dada. Amepika chakula cha watu kumi, tulikuwa wanne: yeye, mimi, Mbayuwayu na mchumba wake, msichana mpole anayecheka kwa kuficha mdomo. Dada anamwita "mwanangu" tayari. Nimekaa nao vizuri kabisa, kwa mara ya kwanza wiki nzima nimesahau maboksi.

"Msimulie mwenzio ule mtihani wako," dada akasema.

Kisa hicho nimekisikia mara kumi. Mbayuwayu ni msimulizi, na hupiga chuku, kwa hiyo sikuwa nasikiliza hata. Nilikuwa napakua.

"Basi, ule mtihani wa ofisini kwa mama mdogo," akaanza, "maswali mia. Mimi naenda kasi, moto! Nafika swali la mwisho, natafuta maduara yake — hakuna! Karatasi imeisha, swali limebaki mkononi! Kumbe kule juu nilipoanza safu nimeruka mstari. Majibu yote yamekaa chini kwa mmoja. Nageuka, msimamizi anasema penseli chini. Nikajiambia, kwisha habari yako, rudi nyumbani ukafuge kuku. Wiki mbili, barua. Sabini na moja! Nimepita!"

Wakacheka mpaka machozi. Dada akapiga makofi, akasema yeye siku ile alikuwa amefunga na kuomba.

"Si unaona?" Mbayuwayu akamwambia mchumba. "Mama akiomba, hata karatasi inajisahihisha yenyewe."

Nilikuwa na bakuli mkononi. Nililiweka mezani polepole sana.

Majibu yake yameshuka mstari mmoja. Matundu yangu yameshuka mstari mmoja.

"Mama mdogo, mbona hucheki? Umekichoka kisa changu?"

"Nimechoka mwenyewe, baba," nikamjibu. Na hilo ni kweli tupu.

Mimi sikumsahihisha. Niliandika barua ya kujitoa, kwamba ni mtoto wa dada yangu na kanuni hainiruhusu. Sikuigusa karatasi yake, sikukaa chumba kimoja nayo, alama zake nilizisikia kwa dada kama jirani yeyote. Miaka mitatu nimejiona safi kwa jambo hilo. Kumbe mkono wangu ulikuwa juu ya karatasi yake tangu Ijumaa ile ya chai.

Jumatatu, 13 Mei

Sikwenda kazini. Nimesingizia kichwa, kisha kichwa kikauma kweli.

Kuruka mstari si dhambi. Ana saa mia tisa angani, wakaguzi wamekaa ubavuni mwake na kuridhika. Wakimsimamisha, atasimamishwa na nani? Na mama yake mdogo. Nitamtazamaje dada? Nilimlea yule mtoto mwaka mzima dada alipokuwa hospitali. Nilimbeba mgongoni nikiandika tasnifu yangu, akanikojolea mara mbili nikiwa kwenye sura ile ile.

Nikasema: ni kosa la karatasi tu, si la mtu. Halafu nikamkumbuka Fundi na barua yake aliyoitunza. La kwake nalo lilikuwa kosa la karatasi tu, na hakuna aliyekaa nyumbani siku nzima akimtafutia utetezi. Safu ile ile, chujio lile lile. Mmoja kapewa ndege, mwingine kapewa jina la utani.

Na kibaya zaidi nakumbuka nilichoandika katika sura ya nne. Watu wa Baraza waliuliza: mtahiniwa akiruka mstari, asahihishwe kwa alichokusudia? Nikaandika hapana, bila huruma, na nukta kubwa. Katika jaribio la umakini, kujua uko mstari gani ndilo jaribio lenyewe. Walinisifu kwa sentensi hiyo.

Nampenda yule mtoto. Hilo ndilo jambo, mengine ni maneno. Nimelia kidogo jikoni, kisha nikasugua sufuria ambayo ilikuwa safi.

Mbayuwayu kafika salama jioni. "Haya, baba."

Jumanne, 14 Mei

Saa mbili asubuhi niliandika barua kwa Baraza. Ukurasa mmoja. Nani alitoboa, lini, karatasi ngapi. Kwamba mtahiniwa mmoja amepewa matokeo ya uongo na yakamgeuza. Kwamba kati ya waliopita kuna mtoto wa dada yangu, na kwa hiyo nisihusishwe na usahihishaji mpya kwa namna yoyote. Kisa cha mezani kwa dada sikukiandika. Nilianza sentensi, nikaifuta. Sijui kama huo ni uadilifu au ni uoga umevaa nguo za uadilifu.

Nakala nilimpelekea Kapteni mkononi. Akaisoma amesimama. "Umeniangusha, Dokta," akasema, akaniachia mlango wazi nitoke.

Baraza wamejibu kabla ya saa sita. Miwani asahihishe leo leo, chujio jipya, matundu yahesabiwe na mtu wa tatu, majina yafunikwe kwa vipande vya karatasi, zibaki namba tu. Na mimi nikae mbali. Fundi wameniruhusu kumpigia: faili lake halifungwi. Nikamweleza yote, pamoja na kikombe. Nyundo zilikuwa zinagonga nyuma yake. Kisha akauliza, "Kwa hiyo nilikuwa nao? Siku zote?" Nikamwambia alikuwa nao siku zote. Akakata simu bila kuaga. Simlaumu.

Sasa ni saa tisa na nusu. Miwani yuko chumba cha pili na karatasi zake. Mimi nimekaa chumba cha usaili, naandika. Kiti changu kimejaa maboksi ya stoo, kwa hiyo nimekaa kile cha watahiniwa. Miaka kumi na moja katika ofisi hii, sijawahi kukikalia.

Kinacheza! Mguu mmoja wa nyuma hauna kofia ya mpira. Ukivuta pumzi tu kinainama kushoto, ukijirekebisha kinainama kulia. Nimevuta fomu za mwaka jana kutoka kabatini. "Hatulii kitini" nimeandika mara kumi na tatu, kwa mwandiko wangu mzuri. Na Fundi aliinama akautazama ule mguu, akaona tatizo kwa sekunde mbili, nami nikamwandikia kuwa ana kasoro. Nimecheka peke yangu humu kama punguani.

Saa kumi kasoro robo. Miwani kasimama mlangoni. Ameshika karatasi moja, kaiegemeza kifuani.

"Mama, swali la kanuni tu. Namba ishirini na saba. Safu ya mwisho, mstari wa kwanza mtupu, majibu yote yameshuka kwa mmoja. Huyu aliruka. Nikisahihisha alichokusudia, anapita kwa chupuchupu. Nikifuata sura ya nne ni hamsini na nane. Sura umeandika wewe. Nifanyeje?"

"Usiniulize mimi."

"Sasa nimuulize nani? Jina silijui, wewe pia hulijui."

"Usiniulize mimi," nikarudia, nikageuzia uso dirishani.

Akanitazama. Akaitazama karatasi. Akavua miwani na hakuifuta. "Samahani, mama," akasema taratibu, akarudi chumbani kwake. Mlango hakuufunga.

Naisikia penseli yake. Imesimama. Imeanza tena.

Saa kumi na dakika ishirini. Simu imetetemeka hapa magotini. Ametua. Anangoja jibu lake kama siku zote. Kiti kinaniyumbisha. Nimeandika "Haya," na kidole kimesimama hapo